Marina ya Agosti na Marina ya Februari

Ukifika Italia na chombo mwezi wa nane, kila marina itakupendeza. Maji yametulia, muziki unatoka kwenye mikahawa ya gatini, na kijana mwenye fulana ya marina anakuja na kimashua cha mpira kukuonyesha pa kufunga. Unalipa, unalala, kesho yake unang'oa. Kosa hufanyika Oktoba, pale unaporudi palepale pa Agosti na kusema: hapa ndipo chombo changu kitakapolala mpaka Aprili. Mikahawa imefungwa, kijana wa kimashua amerudi chuoni, na upepo uliokuwa ukikupepea usiku sasa unaingia mlangoni mwa bandari pamoja na mawimbi yake.

Maneno haya ni kwa anayekwenda na chombo kwenye pwani ya Italia, awe mwenye mali au baharia aliyeajiriwa kukitunza chombo wakati tajiri yuko kwao anaota moto. Nitakaa zaidi kwenye msimu wa baridi. Ukikosea usiku mmoja wa kiangazi umepoteza fedha za usiku mmoja, lakini ukikosea miezi sita unaweza kupoteza chombo.

Watu wa mwambao wetu hawahitaji kuelezwa maana ya bahari kufunga. Kusi likikaza Juni na Julai, majahazi hupandishwa pwani na manahodha hukaa barazani. Mediterania nayo hufunga, Novemba hadi Machi hivi, ila kuna mambo mawili yatakayomchanganya anayetoka huku. La kwanza, hakuna upepo mmoja wa msimu. Dhoruba za kule huja mojamoja zikifuatana, na kila moja huzungusha upepo: jana kusini-mashariki, leo kusini-magharibi, kesho kaskazini-magharibi na baridi ya kukata masikio. Huwezi kusema upande huu wa kisiwa ndio wa kujificha msimu mzima. La pili, hakuna bamvua. Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Pwani nyingi za Italia maji hucheza sentimita 30 au 40 tu, na ni kule kaskazini mwa Bahari ya Adria, Venezia na Trieste, ambako hufika kama mita 1. Kwa hiyo huwezi kukilaza chombo mchangani maji yakipwa, ukakikwangua na kukipaka. Kila kazi ya chini ya maji ni kazi ya kreni, kreni ni ya marina, na bei yake anaipanga mwenye marina. Kreni nitairudia mwishoni.

Mlango unatazama wapi?

Hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya bei. Fungua ramani, tafuta mdomo wa bandari, weka kidole hapo kisha uvute mstari kwenda baharini. Mstari ukisafiri maili 100 bila kukutana na nchi kavu, upepo wa upande huo ndio utakaokunyima usingizi.

Waitaliano huupa kila upepo jina, na mengine si mageni kwako. Scirocco, wa kusini-mashariki, asili yake ni Kiarabu, ukoo mmoja na mashariki yetu. Garbino, jina la watu wa Adria kwa upepo wa kusini-magharibi, ni ndugu wa magharibi. Kwingine upepo huo wa kusini-magharibi huitwa libeccio. Maestrale ni wa kaskazini-magharibi, grecale wa kaskazini-mashariki, tramontana wa kaskazini. Bora ndio ule unaoporomoka kutoka milimani nyuma ya Trieste, na siku mbaya hupita kilometa 120 kwa saa. Zamani mji huo ulifungwa kamba mitaani ili wapita njia wapate pa kushika. Jifunze majina haya kabla ya kujifunza kuagiza kahawa, kwa sababu mwenyeji ukimwuliza kuhusu marina yake atakujibu kwa hayo hayo: hapa scirocco hatuisikii, lakini libeccio, mama yangu.

Kati ya hizo zote, scirocco ndiyo inayowahadaa wageni. Ni ya uvuguvugu, inakuja na vumbi jekundu la Sahara, na mvua yake inaacha matope juu ya sitaha. Mtu anaona joto, anadhani hali ni njema. Kumbe upepo huo umesafiri bahari ndefu ukisukuma mawimbi makubwa mbele yake, na mawimbi huingia bandarini saa nyingi hata baada ya upepo kulegea.

Tena usiamini ukuta kwa kuwa ni mrefu. Tarehe 29 Oktoba 2018, Rapallo, bandari ya watu wenye fedha huko Liguria, mawimbi yalibomoa ukuta wa kukinga bandari. Mamia ya boti ziliharibiwa. Nyingine ziliamkia ufukweni zimelaliana kama ng'ombe kwenye zizi. Ukiweza kuchagua kati ya marina iliyojengwa ndani ya ghuba na marina iliyojengwa kwa kumwaga mawe kwenye pwani iliyonyooka, chukua ya ghuba hata kama vyoo vyake ni vya zamani. La Spezia iko ndani ya ghuba kubwa, tena mdomoni mwake umejengwa ukuta wa zaidi ya kilometa 2. Brindisi ina bandari ya asili yenye mikono miwili inayoingia ndani ya mji, umbo ambalo watu wa kale walilifananisha na kichwa cha kulungu. Jina la mji, yasemekana, limetoka hapo.

Mimi somo hili nililipia. Ilikuwa katika bandari ndogo ya Calabria ambayo sitaitaja, bei nzuri, mzee wa ofisini mkarimu, machungwa yananing'inia hadi ukutani mwa gati. Nilipouliza juu ya scirocco alipunga mkono akasema si kitu. Usiku wa tatu wa Desemba upepo ulikuwa wa wastani tu, lakini maji ndani ya bandari yalianza kwenda na kurudi, polepole, kama mtu anayetikisa karai. Waitaliano huita hali hiyo risacca. Chombo kilivutwa mbele, kikaachiwa, kikavutwa tena. Alfajiri kamba mbili zilikuwa zimekatika na chuma cha kufungia kimeng'oka na kipande cha sitaha. Mzee alikuja na kahawa kwenye chupa ya joto, akasema kwa huzuni ya kweli: ah, risacca hiyo, kila mwaka.

Kosa langu lilikuwa kuuliza upepo bila kuuliza maji. Tangu hapo nafanya hivi. Nikifika marina hata siku ya jua kali, natembea gatini nikitazama kamba za wenyeji, si za wageni. Kamba nene, mbilimbili, zenye springi kubwa za chuma au mipira ya kuvutika, zimevishwa mpira wa bustani pale zinapogusa jiwe, hizo zimefungwa na mtu aliyekwisha kulia. Boti zikiwa zimevutwa mbali na gati hata ubao wa kushukia haufiki, hiyo ni ishara nyingine. Kisha namtafuta mvuvi. Namwuliza: scirocco ikitangazwa, ninyi mashua zenu mnazipeleka wapi? Akijibu kwamba hawazipeleki popote, nafungua mkoba. Akitaja bandari nyingine, naomba anionyeshe njia ya kwenda huko.

Namna ya kufunga yenyewe, kama hujaizoea, ni hivi: unaingia kwa tezi, tezi inaelekea gatini, kisha unapewa kamba nyembamba iliyofungwa gatini. Unaifuata kwa mkono mpaka omo, ukiivuta inatoka majini kamba nene iliyofungwa kwenye zege au mnyororo chini ya bahari. Kamba hiyo huitwa trappa, na ndiyo inayobeba chombo chako wakati wote wa baridi. Vaa glavu, ina matope na kome wa kukata vidole. Muhimu zaidi, uliza ofisini mzamiaji alishuka lini mara ya mwisho kukagua minyororo. Marina nzuri ina tarehe. Marina mbaya ina tabasamu.

Pa kuanzia kutafuta

Ukiniuliza mimi, nitakupeleka kusini ya Sisilia. Marina di Ragusa iko usawa mmoja na jiji la Tunis lililo ng'ambo ya maji, na mchana wa Januari jua linaweza kukuvua koti. Ni marina kubwa, na kila msimu wa baridi hugeuka kijiji cha mabaharia wanaoishi ndani ya boti zao: Waingereza, Wajerumani, Waholanzi, Wamarekani. Wana kikao cha asubuhi kwenye redio ya VHF: nani anauza betri, nani anakwenda mjini na gari lina nafasi, nani hajaonekana siku mbili. Kwa baharia aliyeachiwa chombo peke yake jambo hilo lina thamani kuliko bwawa la kuogelea. Uwanja wa ndege wa Comiso uko karibu, ule mkubwa wa Catania unafikika, na kutoka Pozzallo kuna boti ya abiria iendayo Malta kwa chini ya saa 2.

Ina dosari mbili. Mchanga hujaa mlangoni. Usiamini kina kilichoandikwa kitabuni, piga simu uulize kina cha wiki hii, na kama mkuku wako unashuka mita 2 au zaidi uwe mwangalifu mara mbili. Kusini kukichafuka, mawimbi huvunjika pale pale mchanga ulipo. Dosari ya pili ni kwamba mji wenyewe ni wa ufukweni. Ulijengwa kwa ajili ya watu wa Agosti, na Februari mitaa mingi ina vumbi na mapazia yaliyoshushwa. Bila kile kijiji cha mabaharia ungekuwa mahali pa upweke.

Ndiyo sababu wengine wanapendelea Licata, pwani hiyohiyo kuelekea magharibi. Marina ya Cala del Sole iko ndani ya bandari kubwa yenye kuta ndefu, duka kubwa la vyakula liko kwa miguu, na Licata ni mji wa wavuvi na wakulima unaoishi mwaka mzima. Si mzuri kwa picha. Lakini fundi wa kuchomelea yuko, duka la misumari na rangi liko, na mwoka mikate anafungua Februari kama alivyofungua Agosti. Kwangu mimi hilo linapita mandhari. Chombo hakikosi cha kuharibika, na utakapohitaji bomba la maji ya injini Jumanne ya mvua, mji wa watalii utakujibu: rudi baada ya Pasaka.

Siracusa ni ya kupita. Tia nanga kwenye ghuba yake kubwa, shuka ukatembee Ortigia jioni, kula, lala, endelea. Riposto, chini ya mlima Etna, ina mandhari ya kukushika koo, lakini mlima ukitema, majivu meusi huangukia sitaha, na majivu hayo ni kioo kilichosagwa. Ukiyafuta kwa kitambaa umekwangua rangi yote. Yamwagie maji mengi, na zibua mifereji kabla hayajaganda.

Sardinia, Cagliari. Maestrale hupiga kwa nguvu kule, ila kwa sehemu kubwa huja kutoka nchi kavu, hivyo kamba zinalia lakini maji yanabaki bapa. Ukali wa kweli ni wa scirocco inayoingia ghubani, basi chagua gati lililojificha upande huo. Mjini kuna hospitali kubwa, treni ya kwenda uwanja wa ndege, soko la samaki linaloweza kumtoa machozi mtu wa pwani, na marina kadhaa za kushindanisha bei. Omba bei kwa tatu, uwaambie wote kwamba umeomba kwa tatu. Carloforte, kwenye kisiwa kidogo cha kusini-magharibi, ipitie kiangazi: wenyeji wake walihamia hapo mwaka 1738 kutoka Tabarka, Tunisia, wakiwa na asili ya Liguria, na hadi leo wanasema lahaja ya Genova katikati ya Sardinia. Porto Cervo sina la kuandika. Anayeimudu hahitaji mwongozo.

Karibu na Roma, kwa anayetaka ndege, kuna Ostia na mdomo wa mto Tiber huko Fiumicino. Mafundi ni wengi mtoni na bei za kupandisha chombo ni za kujadiliana. Lakini pwani ile ni mchanga ulionyooka unaotazama magharibi. Libeccio ikipiga siku nzima, mlango wa mto hugeuka ukuta wa mapovu, na ndani mto wenyewe hufurika wakati wa mvua ukileta magogo. Ukikuta hali hiyo usijaribu bahati yako. Geuza kuelekea bandari kubwa ya Civitavecchia au kaa mbali baharini mpaka itulie.

Kwenye wayo wa Italia, pale Roccella Ionica, kuna bandari ambayo karibu kila anayetoka Sisilia kwenda Ugiriki hulala, kwa kuwa pwani ile ndefu haina nyingi. Nayo ina mchanga mlangoni. Ni kituo cha safari, usiifanye nyumba.

Upande wa Adria, Brindisi ndiyo ninayoipenda kwa anayepanga kwenda Albania au Ugiriki masika: bandari ya asili, uwanja wa ndege mlangoni, meli za kuvuka karibu. Venezia msimu wa baridi ni ndoto ya watu wengi na mimi simzuii mtu ndoto. Ajue tu kwamba kuna ukungu wa siku nzima, baridi inayopenya mbao, na tangu Oktoba 2020 malango ya MOSE huinuliwa kutoka chini ya bahari kuzuia maji makuu, na yakiinuliwa njia ya kawaida ya kuingia na kutoka hufungwa. Trieste nilishaisema: kama huijui bora, usijifunzie huko na chombo cha mtu mwingine.

Kwa mpita njia wa kiangazi

Kwa usiku mmoja au wiki, mambo ni mepesi. Adui yako si upepo, ni kalenda. Tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, sikukuu ambayo Italia nzima huwa baharini, na wiki mbili zinazoizunguka nafasi ya kufunga inakuwa kama tiketi ya basi siku ya kuamkia Idi. Piga simu siku mbili kabla. Sema neno transito, yaani mpita njia, urefu wote wa chombo pamoja na nanga inayochungulia mbele, na upana. Fika kabla ya saa 8 mchana. Ukikaribia, ita kwa redio. Marina nyingi husikiliza chaneli 9, na usiingie mpaka umejibiwa, maana mwenye nafasi anaweza kuwa nyuma yako anarudi. Chaneli 68 hutoa utabiri wa hali ya hewa mfululizo kwa Kitaliano na Kiingereza. Walinzi wa pwani wako chaneli 16, na kwa simu ni 1530.

Bei iulizwe kwa usiku, na iulizwe kama kodi ya asilimia 22 imo. Maji na umeme vimo? Katamarani hulipa zaidi, mara nyingi bei moja na nusu. Sio kila mahali ni marina ya fedha nyingi: miji mingi ina gati la umma linalosimamiwa na mamlaka ya bandari, na klabu za wenyeji zenye nafasi chache za wageni. Anayepanga Napoli mwaka 2027 ajue kuwa mashindano ya Kombe la Amerika yatafanyika huko, ya kwanza Italia, na magati ya ghuba yote yataonja bei yake.

Mkataba na hati

Neno la kuomba nafasi ya msimu wa baridi ni svernamento. Andika barua pepe Mei au Juni. Septemba utapewa nafasi zilizokataliwa na wengine, yaani zile zilizo karibu na mlango. Omba uambiwe gati gani na namba gani, kisha uitazame kwenye picha za setilaiti. Nafasi mbili ndani ya marina moja zinaweza kutofautiana kama nyumba ya mlimani na ya bondeni.

Soma mkataba kwa mambo haya. Unaanza na kuisha lini, na siku ukichelewa unalipaje? Kama utaishi ndani, je, inaruhusiwa, na kuna malipo ya ziada? Umeme ni wa mita au wa kukadiria? Tofauti hapa inaweza kupita punguzo lote ulilojivunia, kwa kuwa utawasha kipasha joto kila usiku. Na kama hutaishi ndani, nani atakagua kamba, mara ngapi, na atakutumia picha? Mlinzi wa usiku aliyeandikwa kwenye tangazo anaweza kuwa kamera tu. Kampuni nyingi za bima hutaka kujua chombo kinalala wapi. Ziambie kabla, si baada. Beba cheti cha bima ya kudhuru wengine chenye tafsiri ya Kitaliano, maana askari wa bandari huuliza.

Sasa hati za mtu na hati za chombo, ambazo zina saa mbili tofauti. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza, na viza ya kawaida ya Schengen humpa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Mkataba wa marina wa miezi sita haukupi haki ya kukaa miezi sita. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuandikisha alama za vidole mipakani na kuhesabu siku kwa kompyuta, hivyo zile hesabu za mihuri iliyofifia zimekwisha. Anayetaka kukaa zaidi aombe viza ya muda mrefu kwenye ubalozi wa Italia, na akifika aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi. Chombo chenyewe, kama kimesajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya na mwenyewe anaishi nje, huruhusiwa kukaa miezi 18 bila kulipiwa kodi ya ongezeko la thamani. Safari ya kwenda Tunisia au Albania na kurudi, yenye ushahidi, huanzisha hesabu upya. Saa ya mtu haianzi upya hivyo. Na ndugu zetu wanaoishi Ulaya wasijidanganye na bendera ya kigeni: mwenye chombo akiwa mkazi wa Ulaya, nafuu hiyo haimhusu.

Ndani ya boti Januari

Watu hujiandaa kwa baridi, wakasahau unyevu. Pumzi ya watu wawili, chai, wali unaochemka, nguo zilizoloa: yote hugeuka matone kwenye kuta, na baada ya wiki tatu godoro lina ukungu mweusi chini. Inua godoro kila asubuhi, acha kidirisha kimoja wazi hata kukiwa na baridi, na nunua mashine ndogo ya kukausha hewa kabla hujanunua kipasha joto cha pili. Angalia waya wa umeme wa gatini kwa mkono; ukiwa wa moto, umeubebesha kupita kiasi, na moto wa boti moja huwa moto wa gati zima. Mtungi wa gesi ulionunua nchi nyingine huenda usijazwe Italia, kwa hiyo fika na mmoja uliojaa.

Lugha nayo ni vazi la baridi. Kiangazi utapita na Kiingereza, Januari ofisini kumebaki mama mmoja anayejua Kisisilia na simu. Kama umefanya kazi Malindi au Watamu, ambako Waitaliano wamekaa miaka mingi na manahodha wa mashua za watalii wanasema Kitaliano cha biashara, tayari una mtaji. Salamu uijue vizuri, uitoe kwa kila mtu, kila siku, hata kwa mzee anayelisha paka. Kwetu hakuna jipya hapo, lakini wageni wengi wa kaskazini hupita gatini kama mabubu, na mwenye salamu ndiye anayegongewa usiku kuambiwa kamba yako imelegea.

Majini au juu?

Kama hutaishi ndani, na chombo ni cha plastiki au chuma, mimi naona kipandishwe juu, kifungwe vizuri kwenye egemeo, mlingoti ukishushwa ikiwezekana. Chombo cha mbao ni hadithi nyingine: kikikaa juu miezi sita mbao hukauka, na kalafati hufunguka. Fundi wa kale wa Italia huitwa calafato, hilo hilo neno letu, na bado wapo wachache. Ukimpata mmoja uliza kwanza anashauri nini kabla ya kumwambia unataka nini.

Kupandisha huitwa alaggio, kushusha majini huitwa varo, na hapo ndipo kreni inarudi. Katika mkataba uliza kama bei ni ya kwenda na kurudi, kama kuosha chini kwa maji ya nguvu kumo, na kama unaruhusiwa kukwangua na kupaka mwenyewe au ni lazima uajiri watu wao. Karakana nyingi hukataza mkono wa nje, au hutoza kwa ruhusa. Uliza pia siku ngapi za egemeo ni za bure baada ya tarehe uliyopanga, kwa kuwa rangi haipakwi mvua ikinyesha. Tarehe ya varo iandikishe Februari. Wiki moja kabla ya Pasaka kila mwenye boti anataka kushuka, kreni ni moja, dereva wake ni mmoja, na siku upepo ukizidi hashushi mtu. Aliyeandikishwa Februari anashuka Jumatatu. Waliobaki huketi juu ya ngazi zao, rangi mpya ikipata vumbi, wakimhesabu dereva anavyokunywa kahawa.